USALI, IFRS au SYSCOHADA: hoteli yako itoe hesabu kwa mfumo upi?

Chukua hoteli ya vyumba 40. Usiku mmoja imeuza vyumba 26, kila kimoja kwa dola 100 pamoja na kifungua kinywa, na wageni wote wamekuja kupitia tovuti ya kuweka nafasi inayokata kamisheni ya asilimia 15. Kodi tuiweke kando. Je, mapato ya vyumba kwa kila chumba kilichopo, ile RevPAR ambayo mwekezaji huiulizia kabla hajakaa kitini, ni kiasi gani? Mhasibu wa kwanza atasema dola 65, yaani 2,600 gawa kwa 40. Wa pili ataondoa dola 10 za kifungua kinywa kwa kila chumba na kupata 58.50. Wa tatu ataondoa na kamisheni, abaki na 48.75. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea kujumlisha. Kila mmoja amefuata mazoea yake, na mwenye hoteli akijilinganisha na jirani anayehesabu kwa mazoea mengine atafikia uamuzi wa bei ulio potofu.

Kwa sababu hiyo swali la mfumo wa hesabu ni la mwenye hoteli pia, si la mhasibu peke yake. Wengi hukwama kati ya njia nne: USALI, mwongozo wa hesabu za hoteli unaotakiwa na kampuni za kimataifa zinazoendesha hoteli; IFRS kamili, yaani viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, inayotajwa na wawekezaji wakubwa; IFRS ya biashara ndogo na za kati; na SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa kisheria kwa walio Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Komoro.

Kwanza tukubaliane kwamba sehemu ya uamuzi huu si yako. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hesabu za mwaka za makampuni hufuata IFRS, iwe kamili au ile ya biashara ndogo na za kati, chini ya uangalizi wa bodi za wahasibu kama NBAA ya Tanzania na ICPAK ya Kenya. Kinshasa, Goma, Lubumbashi na Moroni ziko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na huko SYSCOHADA ni sheria. USALI ni mwongozo wa sekta ya hoteli tu. Kilichobaki mikononi mwako ni kuamua mfumo upi uongoze kazi ya kila siku, na upi utolewe mwisho wa mwaka kutokana na kazi hiyo. Nionavyo mimi, hoteli nyingi haziumizwi na kuchagua mfumo mbaya. Zinaumizwa na kupanga vitabu vyao kiasi kwamba vinaweza kutoa taarifa ya aina moja tu, na siku mtu akiomba nyingine, timu nzima inakesha ikifukua risiti za miaka miwili.

Vigezo vya kupimia

Kila mfumo nitaupima kwa mambo yaleyale: nani anaisoma taarifa, mapato yanagawanywaje, gharama zinaonekana kwa idara au kwa aina, jengo na ardhi vinahesabiwaje, fedha za kigeni zinatendewaje, na kazi inayohitajika kuuendesha. Kodi nimeiacha nje kwa makusudi. Ina sheria zake kila nchi, na hakuna mfumo hata mmoja hapa utakaokuondolea wajibu wako kwa mamlaka za kodi kama TRA, KRA au DGI.

USALI

Mwongozo huu ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1926 na chama cha hoteli cha jiji la New York, na toleo lake la 12 linatumika kuanzia 1 Januari 2026. Msomaji wake ni meneja mkuu, mmiliki, kampuni ya uendeshaji na mchambuzi anayelinganisha hoteli na hoteli. Kwenye mikataba ya uendeshaji, ada ya kampuni kwa kawaida huwa na sehemu mbili: asilimia ya mapato yote, na asilimia ya faida ghafi ya uendeshaji, ambayo wenye kazi huiita GOP. Kama pande mbili hazikubaliani GOP inaanzia wapi na kuishia wapi, ugomvi uko njiani.

Mapato hugawanywa kwa idara: vyumba, chakula na vinywaji, idara nyingine kama spa na dobi, kisha mapato mengineyo. Katika mfano wetu, dola 10 za kifungua kinywa zinakwenda kwenye chakula, 90 zinabaki kwenye vyumba, na zile 15 za kamisheni zinaandikwa kama gharama ya idara ya vyumba. Mhasibu wa pili ndiye aliyefuata USALI. Tozo ya huduma ambayo mgeni hana hiari nayo ni mapato ya hoteli. Bahshishi anayoiacha mwenyewe mezani si mapato ya hoteli. Toleo la 12 limeziangalia pia hoteli ambazo mgeni hulipa mara moja kila kitu kikiwemo, na hilo linawagusa moja kwa moja wenye hoteli za Diani na mashariki ya Unguja.

Kwenye gharama ndipo mfumo huu unapong'aa. Idara ya vyumba inabeba mishahara ya mapokezi na wahudumu wa vyumba, mashuka, sabuni, dobi. Jiko linabeba samaki, mafuta, gesi ya kupikia ikiwa mnaipima, na mishahara ya wapishi. Gharama zisizogawika kwa idara zinawekwa kwenye mafungu yake: utawala, mifumo ya kompyuta na mawasiliano, masoko, matengenezo, halafu nishati, maji na taka. Dizeli ya jenereta inasimama kwenye fungu hilo la mwisho, mbali na fundi anayeitengeneza, kwa hiyo meneja anaona mwezi ambao umeme ulikatika sana na mwezi ambao jenereta yenyewe ilikuwa mbovu. Ukishatoa yote hayo unapata GOP. Ada ya kampuni ya uendeshaji, pango la ardhi na bima vinatolewa baadaye, kwa sababu meneja hana mamlaka juu yake.

Juu ya thamani ya jengo USALI haina mengi ya kusema, ila unahimiza kuonyesha akiba ya kubadilishia samani na vifaa. Mikataba mingi hutaja asilimia 4 ya mapato. Juu ya sarafu msaada wake ni mdogo. Kazi yake ni nidhamu ya kila siku. Kila hati ya kutoa mali stoo iwe na namba ya idara, na kila saa ya mhudumu anayefanya mgahawani asubuhi na baa jioni igawanywe. Mfumo wa mapokezi utakugawia kifungua kinywa wenyewe, mradi uwe umepangwa vizuri tangu mwanzo.

Unafaa hoteli yenye idara zaidi ya mbili, yenye meneja wa kuajiriwa au mshirika wa nje. Nyumba ya wageni ya vyumba 12 yenye mpishi mmoja itaona mzigo, ingawa ukurasa wake wa muhtasari pekee unaweza kuitosha.

IFRS kamili

Hii inatungwa na bodi ya IASB iliyoko London, na msomaji wake ni mwekezaji aliye mbali: mwenye hisa, mfuko, benki kubwa. TPS Eastern Africa, kampuni ya hoteli za Serena iliyoorodheshwa Nairobi, inaitumia. Accor ya Ufaransa na IHG ya Uingereza vilevile.

Kwenye mapato, IFRS 15, iliyoanza kutumika 2018, haiulizi idara ipi. Inauliza lini, na kwa niaba ya nani. Mgeni akilipa Septemba kwa ajili ya Krismasi, pesa hiyo ni deni la hoteli mpaka alale. Akiingia tarehe 29 Desemba na kutoka 3 Januari, usiku tatu ni wa mwaka huu na mbili ni za mwaka ujao. Kwenye kamisheni inaangaliwa nani anakimiliki chumba kabla ya mgeni kukipata. Tovuti inapokuletea mgeni tu na bei umeipanga wewe, mapato yako ni 100 na kamisheni ni gharama. Wakala anayenunua vyumba kwa bei yenu ya makubaliano na kuviuza kwa bei anayoijua mwenyewe ni habari nyingine: hapo mara nyingi unaandika kile alichokulipa yeye. Inadai mapato yachanganuliwe kwa aina, lakini haikuambii mistari yenyewe iwe ipi, kwa hiyo hoteli mbili zote za IFRS bado zinaweza kushindwa kulinganishwa chumba kwa chumba.

Gharama unaweza kuzionyesha kwa aina au kwa kazi iliyofanywa. Kuanzia 1 Januari 2027, IFRS 18 italazimisha mstari wa faida ya uendeshaji, na vipimo ambavyo uongozi huvitangaza nje ya hesabu vitapaswa kuelezwa kwenye maelezo yanayokaguliwa. Mwenye mazoea ya kutangaza faida "iliyorekebishwa" ajiandae.

Jengo na ardhi ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Unaruhusiwa kuliacha jengo kwa gharama ya kulijenga au kulithaminisha upya. Hoteli ya ufukweni iliyojengwa miaka ya 1990 huenda ipo vitabuni kwa fedha isiyonunua hata kiwanja cha jirani leo, na kuithaminisha kutaipa mizania, yaani orodha ya mali na madeni yake, sura ya kweli zaidi mbele ya benki. Ila uchakavu wa kila mwaka nao utapanda, na faida itashuka. Sehemu kubwa za jengo hupewa umri wake: paa la makuti, jenereta, magodoro, kuta, kila kimoja na miaka yake. Riba ya mkopo wakati wa ujenzi inaingia kwenye gharama ya jengo. Kisha kuna IFRS 16, iliyoanza 2019: kama ardhi au jengo umekodi, haki ya kutumia inaingia kwenye mizania pamoja na deni lake, na pango ulilokuwa ukililipa linageuka uchakavu na riba. Sehemu ya pango inayotegemea mauzo haimo humo. Hiyo inaendelea kuwa gharama ya kawaida.

Kwenye sarafu unapaswa kuamua biashara yako inaishi kwa fedha ipi. Zamani hoteli ya Nungwi yenye bei za dola na wageni wa dola ilikuwa na hoja nyepesi ya kuchagua dola. Baada ya kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zinazozuia bei za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, hoja hiyo ni ya kukaa upya na mkaguzi. Faida na hasara za ubadilishaji, hata zile ambazo bado hazijakamatika mkononi, zote zinaingia kwenye matokeo ya mwaka.

Kazi yake ni kubwa na ina gharama: mthamini, mkaguzi mwenye uzoefu, kurasa nyingi za maelezo. Inafaa kundi la hoteli, kampuni ya soko la hisa, au mmiliki anayetafuta mtaji nje ya nchi.

IFRS ya biashara ndogo na za kati

Ilitoka mara ya kwanza 2009. Toleo la tatu lilitolewa Februari 2025 na litaanza kutumika 1 Januari 2027. Wasomaji wake ni benki ya karibu, wanafamilia wenye hisa na mamlaka ya kodi. Kwenye mapato na sarafu fikra ni zilezile za dada yake mkubwa, kwa maneno machache. Gharama nazo utachagua aina au kazi.

Tofauti kubwa ziko kwenye jengo, na ndizo zinazowashangaza watu. Riba ya mkopo wa ujenzi inakwenda moja kwa moja kwenye gharama za mwaka, kwa hiyo hoteli inayojengwa kwa mkopo itaonyesha hasara kabla ya kumpokea mgeni wa kwanza. Pango la kawaida la ardhi linabaki kuwa gharama ya pango tu, halijazi mizania deni. Kuthaminisha upya kunaruhusiwa. Kazi yake anaiweza mhasibu mmoja mwenye cheti na mkaguzi wa kawaida. Inafaa hoteli huru isiyouza hisa kwa umma, na hizo ndizo nyingi kwenye pwani yetu.

SYSCOHADA

Msomaji wa kwanza ni serikali, kisha benki na wenye hisa. Mfumo uliorekebishwa umeanza kutumika 1 Januari 2018 katika nchi 17 za OHADA, na Kongo ya Kinshasa iliingia humo 2012. Mapato ya vyumba na mgahawa yanaangukia akaunti ya 706, huduma zilizouzwa. Lakini unaweza kufungua vijitawi chini yake, na nakushauri ufanye hivyo.

Gharama zinapangwa kwa aina. Manunuzi yapo akaunti ya 60, kodi na ushuru 64, wafanyakazi wote 66. Mpishi na mlinzi wanakaa akaunti moja, na meneja anayetaka kujua kama mgahawa unakula faida ya vyumba hatapata jibu hapo. Lakini tuutendee haki. Mfumo huu unaonyesha thamani iliyoongezwa: hoteli imenunua kiasi gani kutoka kwa wauzaji wengine, imezalisha nini juu yake, na hicho kimegawanywaje kati ya wafanyakazi, serikali na wakopeshaji. Swali hilo USALI hauligusi, na kwa nchi inayotaka kujua utalii unaiachia nini ni swali zito. Tena daraja la 9 la akaunti limeachwa wazi kwa hesabu za ndani, na idara zote za USALI zinaweza kuishi humo bila kuvunja sheria.

Jengo hugawanywa kwa sehemu zake kuu panapohitajika, na pango la kawaida linabaki gharama. Vitabu lazima viwe kwa lugha rasmi na sarafu halali ya nchi. Hoteli ya Goma inayouza na kulipwa kwa dola itaandika kwa faranga za Kongo, kwa Kifaransa. Mwisho wa mwaka, faida ya ubadilishaji ambayo bado haijapatikana haihesabiwi kuwa mapato, wakati hasara inayotarajiwa inatengewa fungu. Hesabu zinakuwa za tahadhari kuliko za IFRS. Mwaka wa hesabu ni Januari hadi Desemba, huna hiari, na taarifa zikamilishwe ndani ya miezi minne.

Na Marekani?

Walio na hoteli kule hukutana na kanuni za nchi hiyo, zinazotumiwa na Marriott na Hilton. Jengo halithaminishwi kwenda juu. Pango la kawaida linaonekana kama deni kwenye mizania, lakini kwenye matokeo linabaki gharama moja ya pango. Ndiyo maana kuweka faida ya Hilton kando ya ile ya Accor bila marekebisho ni kupoteza muda.

EBITDA moja, majibu mawili

Tuseme hoteli yenye GOP ya dola 900,000 kwa mwaka. Inalipa kampuni ya uendeshaji 100,000, pango lisilobadilika la ardhi 200,000, bima na mengine 50,000. Kwa USALI, faida kabla ya riba, kodi ya mapato na uchakavu, yaani EBITDA, ni 550,000. IFRS ya biashara ndogo itafika hapohapo, na kipimo kinachofanana nacho kwenye SYSCOHADA hakitakuwa mbali. IFRS kamili itatoa 750,000, kwa sababu pango la ardhi limehamia kwenye uchakavu na riba. Benki inayokubali deni lisilozidi mara nne ya kipimo hicho itaona nafasi ya dola 2,200,000 kwa upande mmoja na 3,000,000 kwa upande mwingine, ingawa huko kwa pili deni la ardhi nalo litakuwa limeshakula sehemu yake. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka. Ukisaini mkataba wa mkopo wenye neno EBITDA, hakikisha imeandikwa kwa mfumo upi.

Kwa hali yako

Una nyumba ya wageni ya familia Lamu au Bagamoyo, huna mshirika wa nje: IFRS ya biashara ndogo inakutosha mwisho wa mwaka. Kila mwezi jitolee ukurasa mmoja wa muhtasari wa USALI wenye vyumba, chakula, gharama zisizogawika na GOP.

Unazungumza na kampuni ya kimataifa ije iendeshe hoteli yako: anza USALI sasa, usisubiri mkataba. Watakuomba takwimu za miaka iliyopita, na ukiwa nazo kwa lugha yao utakaa mezani ukijua unachokidai. Mkataba utaje toleo, na useme nini kitatokea toleo likibadilika.

Unajenga kwa mkopo mkubwa: kabla ya kuchukua IFRS nyepesi, mwulize mkaguzi hasara ya riba itaonekanaje mbele ya benki hiyohiyo. Pengine IFRS kamili itakufaa licha ya gharama. Pengine maelezo ya ukurasa mmoja kwa meneja wa mkopo yanatosha.

Una hoteli Nairobi na nyingine Lubumbashi: tumia namba za idara zilezile kote, kwa USALI, kwa taarifa za kila mwezi. Mwisho wa mwaka Nairobi itoe IFRS, Lubumbashi itoe SYSCOHADA, na idara za Lubumbashi zikae daraja la 9. Jedwali la kuunganisha akaunti liandaliwe mara moja na mtu anayejua pande zote mbili, kisha lifungwe asilibadilishe kila mgeni anayeingia ofisini.

Unataka kuuza: mnunuzi atataka hesabu zilizokaguliwa na GOP ya miaka kadhaa. Mpe vyote, pamoja na karatasi inayotoka kwenye moja hadi nyingine mstari kwa mstari. Bila karatasi hiyo kila tofauti atakayoiona ataihesabu dhidi ya bei yako.

Na kama una mhasibu mmoja tu na hakuna lolote kati ya haya lililopo bado, anza na namba ya idara kwenye vitu vitatu: mishahara, manunuzi ya jikoni na kamisheni za mawakala. Mengine yataongezwa mwezi baada ya mwezi, na mfumo wowote utakaotakiwa kwako baadaye utapata pa kushika.